Kugeuza Hadtopu ya Kimarekani Kuwa Gari la Paa la Kukunja: Mwongozo Kamili kwa Fundi wa Bodi

Kabla msumeno haujagusa paa, fungua daftari jipya na uandike nafasi iliyopo kati ya kila mlango na bodi, kwa milimita, juu, katikati na chini, upande wa kulia na wa kushoto. Daftari hilo ndilo litakaloamua, miezi kadhaa baadaye, kama kazi yako imefaulu. Rangi nzuri na turubai jipya vinaweza kumridhisha mtazamaji, lakini mlango unaokwama gurudumu moja linapopanda ukingo wa barabara hausemi uongo.

Paa la chuma linafanya kazi kubwa kuliko kuzuia mvua. Chukua sanduku la kiberiti lililofungwa ulisokote kwa vidole: linakaza. Toa ganda lake la nje, usokote kitako kilichobaki, nacho kinapindapinda bila shida. Gari ni hivyo hivyo. Sakafu, mbavu na paa vikishikana vinakuwa sanduku, na ukiliondoa paa unabaki na kitako, ambacho lazima ukiimarishe kwa chini na kwa pembeni mpaka kiweze kubeba peke yake mzigo uliokuwa ukigawanywa na paa. Ndiyo maana kazi hii inaanzia sakafuni, na kukata paa kunakuja katikati ya safari.

Hadtopu na historia yake kwa ufupi

Hadtopu ni gari lenye paa la chuma lisilo na nguzo ya kati. Ukiteremsha vioo vya upande, ubavu mzima unabaki wazi kuanzia nguzo ya kioo cha mbele hadi nguzo ya nyuma. General Motors ndiyo iliyoueneza muundo huu kwa magari ya mwaka 1949, yaani Buick Roadmaster Riviera, Cadillac Coupe de Ville na Oldsmobile 98 Holiday, ambayo wahandisi waliyapata kwa kuivika paa la chuma bodi iliyofanana na ya gari la wazi. Anayeigeuza hadtopu anarudi katika njia waliyopita wao, ila kwa tofauti moja kubwa: viwanda vilipoona kwamba paa linabeba sehemu ya mzigo, vilipunguza chuma cha chini katika hadtopu, na chuma hicho ndicho unachotakiwa kukirudisha.

Mahitaji ya kazi hii yaliongezeka Marekani baada ya mwaka 1976, Cadillac ilipotengeneza Eldorado za wazi 14,000 na kuzitangaza kuwa za mwisho kutoka katika kiwanda cha Kimarekani. Mpaka Chrysler LeBaron iliporudisha paa la kukunja mwaka 1982, aliyetaka gari jipya la wazi la Kimarekani ilimpasa kwenda kwa mafundi wa nje ya kiwanda. Hess & Eisenhardt ya Cincinnati, Ohio, ilikuwa ikizigeuza Cadillac Coupe de Ville, na kampuni ya ASC, iliyoanzishwa na Heinz Prechter mwaka 1965 kwa kazi ya kuweka madirisha ya paa, ilishiriki katika Buick Riviera ya wazi ya mwaka 1982. Kazi za karakana za aina hiyo ndizo kipimo kinachofaa kujilinganisha nacho. Huko Havana, Kuba, magari mengi ya wazi yanayotembeza watalii yalitoka kiwandani yakiwa na mapaa ya chuma, na yalikatwa ili yatembee polepole mjini. Gari linalokusudiwa kwenda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu linahitaji kazi nzito zaidi.

Hatua ya kwanza: kuchagua gari, na kujua lipi usiliguse

Jiulize kwanza kama kiwanda kiliwahi kutengeneza toleo la wazi la gari hilo. Kama kiliwahi, unapata faida mbili: ramani ya wapi chuma kiliongezwa, na uwezekano wa kupata vipuri. Mfano bora ni Ford Mustang ya mwaka 1965. Katika mwaka huo wa modeli zilitoka hadtopu 501,965, za paa la kukunja 101,945 na zenye mgongo wa mteremko 77,079. Hadtopu ni nyingi kiasi kwamba kuikata moja iliyochoka hakuiumizi historia, na sehemu za kuimarishia za toleo la wazi zinatengenezwa upya na kuuzwa mpaka leo. Mwongozo huu utaitumia Mustang hiyo kama mfano mkuu.

Kama kiwanda hakikuwahi, kama ilivyo kwa Buick Riviera ya 1963 hadi 1965 au Dodge Charger ya 1968 hadi 1970, kila kitu kuanzia kiunzi cha paa hadi bati la nyuma ya kiti itabidi ukibuni mwenyewe. Mimi nisingeigusa Riviera ya 1963. Mstari wa paa lake ndio uliobeba sura yote ya gari, na anayeuondoa anabaki na bonneti ndefu inayotafuta mwili wake. Gari la kukata ni lile ambalo paa lake limekwisha kuharibika kwa kuangukiwa na mti, kwa kutu iliyokula kingo za kioo cha mbele, au kwa kupinduka bila sakafu kuumia. Hadtopu nzima yenye paa safi iachwe kama ilivyo.

Epuka hadtopu ya milango minne. Uwazi wa ubavu wake ni mrefu, nguzo fupi inayobeba milango ya nyuma inategemea sakafu peke yake, na uimarishaji wake unazidi uwezo wa karakana ya kawaida.

Hatua ya pili: utambulisho wa gari

Namba ya gari inasema aina ya bodi, na hadtopu iliyokatwa itabaki hadtopu kwa namba yake daima. Katika Mustang ya 1965, tarakimu 07 katika namba hiyo ni hadtopu na 08 ni paa la kukunja, na katika kibati cha mlango alama ni 65A kwa ya kwanza na 76A kwa ya pili. Katika Chevrolet Impala ya 1965, namba inayoanza na 16437 ni hadtopu ya milango miwili na 16467 ni ya paa la kukunja. Usihamishe kibati kutoka gari bovu la wazi kwenda katika kazi yako, kwa kuwa hilo ni kosa la jinai nchini Marekani na ni udanganyifu popote pale. Piga picha za namba kabla ya kuanza, weka picha za kila hatua, na uzungumze na ofisi ya usajili na kampuni ya bima ya mahali gari litakapotumika kabla ya kununua hata bolti moja, kwa sababu sheria za magari yaliyobadilishwa bodi zinatofautiana kutoka jimbo hadi jimbo.

Hatua ya tatu: kukusanya vipuri vyote

Njia ya uhakika ni kununua mzoga wa gari la wazi la aina na mwaka uleule, hata kama sakafu yake imeoza kabisa. Unachohitaji kutoka kwake ni kiunzi chote cha paa pamoja na bawaba zake, boriti ya juu ya kioo cha mbele, mabano yanayoshika bawaba ndani ya ubavu, bati linalozunguka shimo la paa nyuma ya kiti, vioo vya upande vya nyuma pamoja na reli zake, na mabati ya ndani ya viti vya nyuma. Kabla ya kukata chochote katika mzoga huo, pima mahali bawaba ilipokaa kwa kutumia alama zisizohama, kama vile tundu la komeo la mlango na ukingo wa juu wa banda la gurudumu, kisha uandike vipimo hivyo daftarini. Mara nyingi vipimo hivi vina thamani kuliko vipuri vyenyewe.

Usianze kukata hadtopu kwa matumaini kwamba kiunzi kitapatikana baadaye. Gari lililokatwa likisubiri kipuri kwa mwaka mzima linashuka katikati kwa uzito wake lenyewe.

Hatua ya nne: kulisimamisha gari na kulifunga

Liweke gari kwenye sakafu iliyonyooka, likiwa limebebwa kwenye ekseli ya nyuma na kwenye mikono ya chini inayoshika magurudumu ya mbele, ili uzito ukae kama unavyokaa juu ya magurudumu. Stendi zikiwekwa katikati ya vizingiti, yaani masanduku marefu ya chuma yaliyo chini ya milango, gari litajikunja kinyume na utachomelea kosa hilo lisitoke tena. Hakikisha kwa pimamaji kwamba kushoto na kulia viko sawa, kisha pima mishazari: kutoka bawaba ya juu ya mlango wa kushoto hadi komeo la mlango wa kulia, na kinyume chake. Mishazari hiyo miwili ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, gari liliwahi kugongwa au kupinda, na litapaswa kunyooshwa kwanza.

Ondoa betri na tangi la mafuta. Katika Mustang ya 1965 sehemu ya juu ya tangi ndiyo sakafu ya buti, kwa hiyo cheche yoyote ya nyuma inaangukia juu ya mafuta. Ondoa viti, zulia, kitambaa cha ndani ya paa, vioo vyote na nyaya zinazopita chini ya vizingiti. Rudisha milango, ifunge, na uone kama nafasi zake bado ni zile ulizoandika.

Sasa chomelea bomba za mraba za milimita 25 au 30 ndani ya kila uwazi wa mlango: moja ya mlalo kutoka karibu na bawaba hadi karibu na komeo, na nyingine ya mshazari. Ongeza bomba mbili za kuvuka kutoka ubavu hadi ubavu. Zipange ili milango iendelee kufunguka na kufungwa, kwa kuwa utahitaji kuifunga na kuifungua mara nyingi sana wakati wa kazi.

Hatua ya tano: vizingiti na sakafu

Hapa ndipo gari linapopatikana au kupotea, na hapa ndipo fundi mwenye haraka anapoharibu.

Tambua kwanza aina ya muundo. Magari kama Mustang, na ya Chrysler kuanzia mwaka 1960 isipokuwa Imperial, hayana chasisi iliyo peke yake: sakafu na vizingiti ndivyo vinavyobeba. Magari kama Impala, Galaxie na Cadillac yana chasisi inayofungwa bodi kwa bolti na raba. Usidhani kwamba uwepo wa chasisi unakusamehe kazi. Chevrolet kubwa za 1958 hadi 1964 zina chasisi yenye umbo la herufi X isiyo na mihimili ya pembeni, hivyo vizingiti vya bodi vinabeba sehemu kubwa ya mzigo na vinahitaji kuimarishwa karibu kama vya Mustang.

Kwa gari lenye chasisi ya mihimili ya pembeni, angalia kama mihimili hiyo imefungwa pande zote nne au imeachwa wazi upande mmoja. Katika Chevelle za miaka ya 1960, toleo la wazi lilipewa mihimili iliyofungwa kuwa sanduku, na hadtopu za kawaida ziliachiwa mihimili iliyo wazi. Bomba lililofungwa linapinga msokoto mara nyingi kuliko mfereji ulio wazi wa chuma kilekile, na tofauti hiyo huonekana hata kwa mkono ukijaribu bomba lililopasuliwa kwa urefu. Funga upande ulio wazi kwa bamba la milimita 3, ukichomelea vipande vya sentimita 3 kwa kuruka, upande wa kulia kisha wa kushoto, ili joto lisiupinde mhimili. Badilisha raba zote zilizo kati ya bodi na chasisi. Raba zilizolainika huiacha bodi icheze peke yake, na uimarishaji wa chini hautafika juu.

Kwa Mustang, kiwanda chenyewe kimekwisha kukuonyesha njia. Toleo la wazi lilipewa vizingiti vya ndani vya bati nene zaidi, bamba la kuimarisha sakafu chini ya viti vya mbele linalovuka kutoka kizingiti hadi kizingiti, na masanduku ya chuma yanayounganisha mihimili ya mbele na vizingiti. Hadtopu ya mwaka huo haina vitu hivyo. Matokeo yake ni kwamba toleo la wazi lilikuwa zito kuliko hadtopu kwa zaidi ya kilo 70, ingawa paa lake ni la kitambaa. Anayekuambia kwamba gari lake limekuwa jepesi baada ya kulikata amekiri kwamba hakurudisha chuma.

Fanya upande mmoja kwa wakati mmoja. Ondoa kutu yote mpaka chuma kiwe cheupe, kwa kuwa kuchomelea bamba jipya juu ya bati lililooza ni kujenga juu ya mchanga. Toboa alama za kuchomelea za kiwandani, ingiza kizingiti cha ndani cha toleo la wazi, na kama hukipati, kunja bamba la milimita 2 kwa umbo hilohilo. Paka praima ya zinki sehemu zitakazokutana, kisha uchomelee kupitia matundu yaliyoachana sentimita 4. Kila baada ya matundu sita simama, funga mlango, na upime. Nafasi ikianza kubadilika, acha chuma kipoe na uendelee kutoka upande mwingine.

Malizia kwa masanduku ya mbele. Wengi huyaruka kwa sababu hayaonekani, lakini bila hayo kizingiti chenye nguvu kinaishia kwenye bati jembamba la miguuni, na hapo ndipo ufa utakapoanzia. Pale ambapo sehemu ngumu inakutana na laini, mwisho wa bamba uukate kwa mteremko au umbo la mkia wa samaki, ili nguvu zisikusanyike katika mstari mmoja.

Hatua ya sita: fremu ya kioo cha mbele

Katika hadtopu, boriti ya juu ya kioo ni ukingo tu wa bati la paa. Katika gari la wazi, boriti hiyo inasimama peke yake, inapokea komeo mbili za kiunzi, na inavutwa nyuma na turubai kila paa linapofungwa. Ingiza ndani ya kila nguzo ya mbele bomba la chuma au bamba lililokunjwa linaloteremka mpaka kwenye bawaba ya chini ya mlango, ulichomelee chini na juu, kisha ufunge boriti ya gari la wazi juu yake. Fanya hivi paa likiwa bado lipo, kwa kufungua bati la ndani la nguzo, ili upana wa juu usibadilike. Kioo cha mbele hakivumilii fremu iliyosogea. Kitapasuka wiki ya kwanza, nawe utadhani ni jiwe la barabarani.

Ni lazima niseme wazi kwamba uimarishaji huu haumlindi abiria gari likipinduka. Hadtopu haikuwa na nguzo ya kati, na sasa haina paa. Weka mikanda mipya, na sehemu zake za kufungia zipewe mabamba ya kuimarisha sakafuni wakati sakafu bado iko wazi.

Hatua ya saba: kukata

Sasa kata, na hatua hii itakuwa fupi kuliko zote kama zile zilizotangulia zilifanywa vizuri. Jambo moja linahitaji tahadhari kubwa: viwanda vya Marekani vilijaza maungio kati ya paa na bati la ubavu wa nyuma kwa risasi iliyoyeyushwa, kisha vikayasawazisha. Ukipitisha grainda hapo unapuliza vumbi la sumu katika karakana nzima. Ipashe risasi joto dogo, ikwangue ikiwa laini, vaa barakoa inayofaa, na uikusanye yote ndani ya kopo lenye kifuniko.

Weka alama ya mstari wa kukata kwenye nguzo ya nyuma sentimita 10 hadi 15 juu ya mahali unapokusudia kuishia, kwa kuwa chuma kinachobaki utakipunguza kwa utulivu, lakini kilichokatwa kupita kiasi hakirudi. Mbele, kata sentimita 5 nyuma ya boriti. Tumia msumeno wa upepo wenye meno madogo. Anza na nguzo za nyuma, malizia mbele, na watu wanne walinyanyue paa kwa pamoja ili lisining'inie kwenye nguzo moja na kuipinda.

Fungua daftari. Pima nafasi zote za milango na mishazari yote. Bomba za muda bado zipo, kwa hiyo vipimo vinapaswa kuwa vilevile. Kisha kata bomba za mlango mmoja, upime tena, na ukate za upande wa pili. Nafasi ya juu ya mlango ikipungua kwa milimita 1, hilo ni la kawaida. Ikipungua kwa milimita 3, rudisha bomba, na urudi hatua ya tano.

Hatua ya nane: ukuta wa nyuma na kiti cha bawaba

Paa lilikuwa likishikilia mbavu mbili za nyuma zisipanuke. Kazi hiyo sasa ifanywe na ukuta wa chuma nyuma ya kiti, unaovuka kutoka banda la gurudumu la kushoto hadi la kulia, wenye mabomba mawili yaliyopishana mshazari. Acha nafasi kati ya ukuta huo na buti kwa ajili ya paa lililokunjwa, kwa kuwa kiunzi kinahitaji shimo lenye kina, na buti litakuwa dogo kuliko zamani.

Mabano ya bawaba yashikwe kwa bamba la milimita 3 linaloshuka mpaka kwenye banda la gurudumu. Tumia vipimo vya mzoga kwa umakini mkubwa, na uthibitishe kwa timazi na kwa kamba iliyovutwa kutoka bawaba hadi bawaba kwamba zimelingana kwa kimo na kwa umbali kutoka mbele. Bawaba moja ikiwa nyuma kwa milimita 4, komeo la mbele la upande huo litakosa tundu lake, na hakuna marekebisho ya baadaye yatakayolipatia. Usichomelee kabisa kwa sasa. Funga kwa bolti mpaka kiunzi kitakapojaribiwa.

Hatua ya tisa: kiunzi na vioo

Funga kiunzi kikiwa kitupu, bila kitambaa wala pampu, ukifungue na kukifunga kwa mkono. Kishuke chenyewe bila kugusa ubavu, na tao la mbele, yaani upau wa kiunzi unaovuka kutoka upande hadi upande, likutane na boriti bila kusukumwa. Baada ya hapo rudisha vioo vya upande na uvipandishe. Vioo vya nyuma vya hadtopu vimekatwa kufuata ukingo wa paa la chuma, na katika magari mengi havifai hapa, ndiyo sababu vile vya mzoga vinahitajika. Rekebisha kila kioo ili ukingo wake wa juu uegemee ndani kidogo na kubonyeza raba ya reli ya kiunzi bila kuisukuma nje. Kazi hii inachosha, inaweza kula siku tatu nzima, na hakuna njia ya mkato, kwa sababu kitambaa kitafuata kiunzi, na kiunzi lazima kifuate vioo. Vikipatana, chomelea mabano ya bawaba.

Hatua ya kumi: pampu

Katika Mustang ya 1965 paa la umeme lilikuwa nyongeza ya kulipiwa, na lile la kawaida lilifunguliwa kwa mkono. Kwa kazi ya kwanza ningependelea la mkono, maana lina uzito mdogo na halivuji. Ukitaka la umeme, mfumo una pampu moja nyuma ya kiti na silinda mbili, na swichi inageuza mwelekeo wa mota ili mafuta yasukume juu au chini. Waya wa umeme uwe mnene na uwe na kinga yake ya kukata mkondo. Tumia aina ya mafuta iliyoagizwa kwa pampu hiyo, na usichanganye mafuta ya breki na mafuta ya giaboksi, kwa sababu mpira wa silinda uliotengenezwa kwa aina moja unavimba ukikutana na nyingine. Toa hewa kwa kupandisha na kushusha paa mara kadhaa, ukiongeza mafuta kila mara.

Hatua ya kumi na moja: kitambaa

Kwanza maliza rangi ya gari, kisha uje na kitambaa. Vinili yenye chembechembe inasafishika kwa urahisi na ndiyo iliyotumika kwa magari mengi ya miaka ya 1960. Turubai la kisasa la tabaka kadhaa, kama Stayfast la kampuni ya Haartz ya Massachusetts, linakaa vizuri zaidi na halinyauki upesi, ila linauzwa ghali. Anza na mito ya pembeni inayopita juu ya matao, kisha pazia la nyuma lenye dirisha, na mwisho kitambaa kikuu. Tia alama ya chaki katikati ya kila tao na katikati ya kitambaa, na alama hizo zikutane kabla ya kupiga pini hata moja.

Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu. Fanya kazi siku ya joto, au anika kitambaa juani kwanza, kwa kuwa kitambaa cha baridi hakivutiki. Vuta kutoka katikati kwenda pembeni kwa pini chache za muda, funga komeo, tazama mikunjo, ng'oa, vuta tena. Kikikaa sawa, piga pini za kudumu na uzifunike kwa utepe wake. Acha paa limefungwa siku kadhaa kabla ya kulikunja mara ya kwanza. Mimina maji kwa mpira kwa dakika 10, mtu akiwa amekaa ndani na taa, na hakikisha kwamba matundu ya kutoa maji kwenye shimo la paa yanapitisha. Yakiziba, maji yatatuama juu ya vizingiti ulivyovipigania.

Hatua ya kumi na mbili: barabarani

Nenda kwanza polepole kwenye barabara mbovu, paa likiwa wazi, na utazame kioo cha kuonea nyuma na usukani. Gari la wazi hutetemeka kidogo hata likitoka kiwandani. Kwa sababu hiyo viwanda viliweka mikebe iliyofungwa yenye uzito, springi na mafuta katika pembe za baadhi ya magari, Camaro ya wazi ya 1967 ikiwa mojawapo, ili uzito huo ucheze kinyume na mtetemo wa bodi na kuumeza. Mikebe hiyo inaweza kufungwa katika kazi yako pia, lakini ifungwe baada ya sakafu kuthibitishwa. Kuiweka ili kuficha kizingiti dhaifu ni kumdanganya atakayeliendesha.

Jaribio lenyewe ni hili. Panda gurudumu moja la mbele juu ya ukingo wa sentimita 15, zima injini, ufungue na kufunga milango yote miwili. Rudia kwa gurudumu la nyuma la upande wa pili. Milango ifungwe kwa sauti ileile iliyokuwa nayo kwenye sakafu iliyonyooka. Baada ya kilomita 800 kaza upya bolti zote za kiunzi, bawaba na raba za bodi, chunguza ncha za kila bamba la kuimarisha kwa taa ukitafuta nyufa kwenye rangi, kisha lirudishe gari mahali palepale ulipolipimia mara ya kwanza, kwenye stendi zilezile, na ujaze ukurasa wa mwisho wa daftari kwa vipimo vilevile vya milango, juu, katikati na chini, kulia na kushoto.